Mzinga na Kibapa

Siku ya tatu baada ya kumzika mpwa wangu tuliinua godoro lake ili tulianike. Alikuwa amepanga chumba kimoja Mwananyamala, na mwenye nyumba alitaka chumba chake kabla mwezi haujaisha. Chini ya chaga za kitanda zilikuwapo chupa bapa, zimepangwa mstari kama sabuni dukani. Nilizihesabu mwenyewe, zikafika kumi na saba. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kaka, si ulisema ameacha?"

Kweli nilisema. Niliwaambia ndugu wote kwamba kijana amejirekebisha, na ushahidi wangu ulikuwa mmoja: hakuonekana tena kwenye ile grosari ya karibu na kituo cha bodaboda, alikozoea kukaa na wenzake watatu, chupa kubwa ya pombe kali ikiwa katikati ya meza. Kumbe alichokiacha ni meza. Pombe hakuiacha. Na aliyemwondoa kwenye meza ile ni mimi, mjomba wake.

Nilimweka kitako siku moja, nikamwambia kwamba anatutia aibu. Mtaa mzima unapita pale, nikamwambia, na mtaa mzima unaiona ile chupa. Sikumwuliza anakunywa kiasi gani. Sikumwuliza anakunywa kwa nini. Nilichokuwa nakipigania ni kwamba isionekane. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nimekuelewa, mjomba." Akanielewa kweli kweli, kupita nilivyojielewa mwenyewe.

Naandika haya kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo naielekeza kwangu. Nusu ya pili nawagawia watu wazima wenzangu wa Kinondoni, wenye heshima zao, ambao hadi leo wanapima ulevi kwa ukubwa wa chupa. Akipita mtu na chupa kubwa tunasema, "Huyo kaharibikiwa." Akipita mwingine na kichupa mfukoni, tena mfuko wa nyuma uliofunikwa na shati, hatusemi kitu, kwa sababu hatujaona kitu. Nasema tumekosea, na kosa letu linaua.

Tuanze na majina. Katika mji huu pombe kali imepewa majina ya vipimo. Chupa kubwa, ile ya mililita 750, inaitwa mzinga. Chupa ndogo iliyobanwa ubavuni, ya mililita 200, inaitwa kibapa. Na kwa miaka mingi, hadi mwaka 2017, kulikuwa na kiroba, yaani kifuko cha plastiki cha mililita 50 au 100. Hebu yasikilize majina hayo. Mzinga ni wa nyuki, au ni ule unaopigwa kwa heshima ya wageni wa taifa. Vyovyote iwavyo, ni jina lenye kishindo, na hakuna awezaye kuficha mzinga. Kiroba, kwa mama wa nyumbani, ni mfuko wa unga, hata wa kilo 25, chakula cha watoto. Tulilichukua jina la chakula cha watu wengi tukakipa kifuko cha mtu mmoja.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina haya. Bia ya chupa kubwa ya mililita 500, yenye kilevi asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Kiroba cha mililita 100, chenye pombe ya asilimia 35, kilikuwa na mililita 35. Kwa hiyo kile kifuko ambacho mtu alikimaliza kwa funda mbili akingoja abiria kilizidi chupa nzima ya bia ambayo mwenzake angeinywa nusu saa. Kibapa cha mililita 200 kina mililita 70, karibu bia tatu. Mzinga una mililita 262 na ushei, bia kumi na nusu, na hapo ndipo mtu anaposhtuka na kusema, "Unaona sasa?" Lakini subiri kidogo. Mpwa wangu na wenzake walikuwa wanne. Ukiugawa mzinga kwa vijana wanne, kila mmoja anapata mililita 187. Aliyekaa na wenziwe mbele ya ile chupa ya aibu alikunywa pungufu ya yule aliyekimaliza kibapa peke yake chumbani.

Hiyo ndiyo hesabu niliyokataa kuipiga alipokuwa hai.

Wazee wetu waliijua, ingawa hawakuiandika kwa asilimia. Kilimanjaro, mbege ilinywewa kwa kata iliyopita kutoka mkono hadi mkono, na mwenye pombe alionja kwanza mbele ya wageni ili waone kwamba haina kitu kibaya. Kwa Wakurya, watu walikizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Wanywaji wa malwa wa Uganda hukaa hivyo hata sasa, mirija mirefu ikielekea katika chungu kimoja. Chombo kilikuwa kikubwa kwa sababu kilikuwa cha wengi, na kwa kuwa kilikuwa cha wengi kilikuwa na macho. Aliyevuta mno alijulikana. Aliyekuja akiwa amekwisha lewa aliambiwa akalale. Pombe ilipokwisha ilikuwa imekwisha, hadi itakapopikwa nyingine, na kuipika kulichukua siku.

Sitaki kuuremba mtungi. Najua nani alitwanga ulezi na nani alikunywa. Najua kwamba katika nyumba nyingi mwanamke alipika pombe ili apate ada ya shule, na mwanamume akainywa pombe hiyo hiyo kwa mkopo asioulipa. Najua watu walipigana, na waliopigwa wengi walikuwa wake zao. Mtungi haukuwa na utakatifu wowote. Ulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ndicho ninachokililia: ulikuwa mahali pa wazi, mtu hakuweza kuangamia karibu nao bila watu kujua kwamba anaangamia.

Bia ya chupa ilipoenea hapa Dar es Salaam, tabia hiyo haikufa mara moja. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ya 1980, bia ilipokuwa adimu kiasi kwamba mwenye harusi alihangaika na kibali ili apate kreti kadhaa. Baada ya kiwanda cha taifa kuingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini mwaka 1993, bia ilijaa, na baa zikaota kila kona kutoka Magomeni hadi Kinondoni. Lakini chupa kubwa ilibaki na nidhamu yake. Ilifunguliwa mbele yako. Ukitaka kuinunua dukani uende nayo nyumbani, Mangi alikuuliza kwanza, "Una chupa tupu?" Na katika baa nyingi mhudumu aliziacha chupa tupu mezani ili azitumie kuhesabu deni. Msomaji uliyewahi kukaa hapo unajua jinsi chupa sita tupu zinavyomtazama mtu. Mkeo akipita anaziona. Mchungaji akipita anaziona. Wewe mwenyewe unaziona, unaanza kutafuta sababu ya kuinuka.

Kiroba kilikuja kuifuta hesabu hiyo. Hakikuhitaji meza wala glasi wala kopo la kufungulia, hakikuhitaji hata mwenzio. Unang'ata pembe, unafyonza, unatupa. Kiliuzwa kwenye vibanda pamoja na karanga na biskuti, kwa chenji iliyobaki. Mitaro yetu ilijaa vifuko hivyo, na mvua ikinyesha vilielea kama majani. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba vitapigwa marufuku, na tarehe 1 Machi mwaka huo marufuku ikaanza kazi. Wengi tulishangilia, nami nikiwemo. Uganda nao walifuata mwaka 2019.

Sasa naomba nieleweke. Marufuku ile ilikuwa njema, na anayetaka viroba virudi sina la kuzungumza naye. Lakini kanuni zilizotungwa ziliegemea sheria ya mazingira, na mitaro ndiyo iliyopona kwanza. Mnywaji yeye alihama tu. Alitoka kwenye kifuko akaingia kwenye kibapa, na sisi tukadhani kazi imekwisha kwa sababu uchafu umekwisha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulijisifu wenyewe kabla hatujaonja kilichomo kibuyuni.

Na nani analipa zaidi? Ni yule yule anayenunua mafuta ya kula kwa kupima na mkaa kwa kopo. Pima bei ya vibapa vitatu na kitu uone kama hujapita bei ya mzinga mmoja. Maskini hununua kwa vipande, na kila kipande kina faida ya mtu juu yake. Kwa hiyo hata ile hoja kwamba chupa ndogo humsaidia mtu wa kipato kidogo asipoteze fedha nyingi haina miguu. Inamsaidia kuanza. Kumaliza ni shauri lake.

Jambo hili si letu peke yetu. Wajapani wana pombe yao ya mchele, sake, na kwa vizazi kadhaa chupa yake ya kawaida ilikuwa kubwa, ya lita 1.8, iitwayo isshobin. Ilipelekwa kama zawadi, iliwekwa mbele ya madhabahu, na ikiisha ilirudishwa, ikaoshwa na kujazwa tena, kama chupa zetu za bia. Mezani desturi ilikuwa, na bado ni adabu, kwamba mtu hajimiminii. Anamiminiwa na mwenzake, naye anammiminia mwenzake. Ukiwa na desturi kama hiyo huwezi kunywa kupita kiasi bila mtu mwingine kuinua mkono wake kukusaidia. Mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Ozeki ilileta sake katika glasi yenye kifuniko, ya mililita 180, ya mtu mmoja, ambayo baadaye iliuzwa hata kwenye mashine za barabarani. Leo majumbani wengi hununua chupa ya mililita 720, inayotosha kwenye jokofu la familia ndogo, na ile kubwa imebaki zaidi kwenye rafu za vilabu. Sisemi kwamba Wajapani wameharibikiwa. Ninachosema ni kwamba chupa inapopungua, anayepunguzwa kwanza ni mtu wa pili.

Huenda ukaniambia kwamba mzinga haujatoweka hapa kwetu, tena siku hizi umepanda cheo. Ni kweli. Ingia katika kumbi za starehe za Kinondoni usiku wa Jumamosi utauona ukiletwa mezani na wahudumu watatu, cheche za fataki zikiwaka shingoni mwake, watu wakiinua simu kupiga picha. Lakini hiyo si ile chupa kubwa ninayoitetea. Ile ya grosari ilizungukwa na watu wanaojua jina lako, na jina la mama yako, na saa unayotakiwa kuamka. Hii inazungukwa na watazamaji. Shahidi huulizwa, "Imekuwaje?" naye hujibu. Mtazamaji hupiga makofi, halafu huenda kwake. Kijana anayelipia mzinga wa fataki ili aonekane na anayeficha kibapa ili asionekane wote wawili hawana mtu wa kuwaambia, "Ndugu yangu, leo inatosha."

Kuna hoja mbili zinazonikabili, na sitazikwepa.

Ya kwanza ni ya watu wa dini, Waislamu na Wakristo wengi, wanaosema kwamba pombe ni pombe, kubwa au ndogo, na dawa yake ni kuiacha. Nawaheshimu, na kama mpwa wangu angewasikiliza angekuwa hai. Lakini nawauliza hivi: mnapomkaripia kijana, mnataka aache au mnataka msimwone? Maana mimi nilisema nataka aache, kumbe nilitaka nisimwone. Anayetaka mtu aache lazima kwanza akubali kumtazama akiwa bado hajaacha, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Mtu ataniambia kwamba meza nayo inaua. Meza ina ofa, ina raundi, ina yule rafiki anayesema, "Ongeza moja, usiwe mwoga." Wapo walioingia kwenye ulevi kwa kuvutwa na marafiki mezani, na kama wangekaa peke yao wasingeonja. Hilo nalikubali lote. Sina ushahidi wa kusema meza humponya mtu. Nasema tu kwamba ugonjwa wa mezani una watu wanaouona ukianza, na ugonjwa wa chini ya godoro huonekana siku ya kuanika godoro.

Basi nataka nini? Sitaki vijana wanunue mizinga. Nataka sisi wazee tuache kuwafukuza mezani kwa ajili ya heshima yetu. Ukimwona mwanao au mpwao amekaa na chupa kubwa mbele ya watu, mshukuru Mungu kwamba bado yuko mbele ya watu, kisha vuta kiti ukae naye. Agiza soda. Muulize habari za kazi, za pikipiki, za yule binti. Siku anayotoweka mezani ndiyo siku ya kumfuata nyumbani, na mimi siku hiyo nilipumzika.

Nataka pia wenye grosari na vibanda waache kujifanya hawajui. Wanajua vizuri sana nani anagonga dirisha alfajiri kabla ya chai. Wanajua ndugu zake ni nani. Mtaani kwetu mtu akidaiwa unga wa wiki mbili, familia nzima hupewa habari. Kwa nini habari ya vibapa ifichwe kwa sababu tu vinalipiwa taslimu? Na wanaotunga kanuni, watakaporudi tena kwenye suala hili, nawaomba wahesabu kilevi kilichomo ndani kabla ya kuangalia kama kifungashio ni cha plastiki au cha kioo. Ini halijui tofauti ya plastiki na kioo. Hilo nililisikia kwa daktari, na siku hiyo mpwa wangu alikuwa na macho ya njano na miaka thelathini na mmoja.

Zile chupa kumi na saba nilizitia kwenye mfuko wa salfeti nikazipeleka dukani. Nilikuwa nimezoea chupa za bia, kwamba tupu ina thamani na inarudi kiwandani. Mwenye duka alitazama ndani ya mfuko akatikisa kichwa. "Hizi hazirudishwi, mzee," akasema. Nikazibeba tena.

Siku hizi kila Jumamosi jioni huenda kwenye ile grosari. Wale wenzake watatu bado hukaa pale pale, na mara ya kwanza waliponiona waliinuka wote, "Shikamoo mjomba," wakataka kuificha chupa chini ya meza. Nikawaambia waiache ilipo. Sasa wamenizoea. Hatuzungumzi mambo makubwa. Mpira, bei ya petroli, askari wa barabarani. Wiki iliyopita mmoja wao aliaga mapema, akapitia kaunta akanunua kibapa, akakitia mfukoni, "cha njiani." Nilimwita nikamwambia akinywee pale, mbele yetu. Alinicheka. Lakini alivuta kiti akakaa, akakiweka mezani.